Kuchagua Betri za Kipimo cha Mkononi

Wanafunzi wa darasa la watu wazima, shikeni daftari na kalamu. Mwenye betri yoyote karibu naye na aiweke mezani, maana leo tutaisoma.

Siku hizi vipimo vingi vya zahanati vinaenea kiganjani. Kimoja hubana ncha ya kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kingine ni kipimo cha sukari, ambacho wagonjwa wengi wa kisukari wanacho nyumbani. Udogo huo hutegemea sana betri. Mnunuzi naye hana budi kulijua jambo hili, kwa kuwa kipimo kinachozimika usiku, mbele ya mtoto anayehema kwa shida, hakimsaidii muuguzi.

Tazama betri ya A mbili, AA, ile ya redio ndogo. Unene wake ni milimita 14.5, na uzito wapata gramu 23. Ile ya A tatu, AAA, ina unene wa milimita 10.5 na uzito wa gramu 12 hivi. Zote zina volti 1.5. Je, ni sawa? Sivyo. Fikiri mapipa mawili ya maji yenye kimo kimoja, moja nene, jingine jembamba. Maji hutoka kwa nguvu ile ile, lakini jembamba hukauka mapema. Akiba ya A tatu haifiki nusu ya akiba ya A mbili.

Ndogo zaidi ni ile bapa kama sarafu. Juu yake utasoma CR2032. Tarakimu hizo si pambo: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Ina volti 3, sawa na A tatu mbili zilizofuatana, lakini akiba yake ni kama moja ya tano tu. Ukipewa CR2025 dukani, rudisha. Upana ni ule ule, lakini unene ni milimita 2.5, nayo yaweza kucheza ndani isiguse chuma.

Ipi ichaguliwe, basi? Tazama kazi. Kipimo cha sukari hufanya kazi sekunde chache kisha hulala; betri ya sarafu inakitosha. Kile cha kidole hupenyeza mwanga kidoleni muda wote kinapovaliwa, na mwanga hula betri. Hicho kipewe A tatu mbili, hata kikinenepa kidogo. Tena A tatu ni rahisi kuipata katika maduka ya vijijini. Kwa zahanati ya mbali na mji, mimi ningechukua kile kinene bila kusita.

Wenye watoto, sikilizeni hapa. Betri ya sarafu ikimezwa yaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata ile iliyokwisha nguvu. Usimtapishe mtoto, mkimbize hospitali. Nunueni kipimo ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu.

Sasa andikeni: CR1632. Upana wake ni milimita ngapi? Na unene je?