Somo la Kwanza la Kuchora katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Mhadhara wa umma, Sirari, wilayani Tarime

 

Nitaisema hoja yangu mapema ili kila mmoja apate muda wa kuipima. Kijana anayeingia chuo cha maendeleo ya wananchi, awe amekuja kusomea useremala, uashi, uchomeleaji au ushonaji, afundishwe kuchora kwa mkono katika muhula wake wa kwanza, na aanze na vitu anavyoviona kwao kila siku. Sisemi afundishwe ili awe msanii. Wachache watakuwa wasanii, na itakuwa heri kwetu sote. Nasema afundishwe kwa sababu fundi asiyeona sawasawa hatengenezi sawasawa, na kuona ni jambo ambalo mtu anaweza kufundishwa.

Vyuo hivi tunavifahamu. Kimoja kipo Tarime mjini, na nchi nzima vipo 54. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza kuvifungua mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, ikifuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Skandinavia. Mzizi wake ni fikra za mchungaji wa Denmark, N.F.S. Grundtvig, na chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa katika mji wa Rødding mwaka 1844, kwa ajili ya watoto wa wakulima. Huko Skandinavia hadi leo utakuta mtu anasoma kuchora, kufuma na kufinyanga katika vyuo hivyo, na hakuna anayemuuliza kwa nini anapoteza muda. Sisi tulichukua karakana, shamba, bweni na jiko, tukafanya vizuri sana. Chumba cha kuchora hakikupata nafasi kama hiyo, na kukosekana kwake kunaonekana katika kazi za mikono ya vijana wetu.

Mtaniambia kwamba mwanafunzi wa useremala anafundishwa michoro ya kiufundi. Ni kweli, na michoro hiyo siidharau. Lakini mchoro wa rula na kipimo unaeleza kitu ambacho mtu amekwisha kukiamua kichwani. Haumfundishi namna ya kukiamua. Tazameni mageti ya chuma yanayochomelewa katika miji yetu ya barabarani. Mteja anakuja na simu, anamwonyesha fundi picha ya geti aliloliona Mwanza au Nairobi, anasema nataka hili hili. Geti la kwenye picha lilikuwa la upana wa gari mbili. Nafasi ya mteja ni ya gari moja. Fundi anakata maua yale yale kwa idadi ile ile, anayabana, na ua la mwisho linagusa bawaba. Chuma ni kizuri na weldingi imeshika vizuri. Kilichokosekana ni dakika chache za kuchora kwa chaki sakafuni, kufuta, na kuchora tena mpaka maua matatu yatoshee mahali palipokuwa na matano. Fundi yule hakuwahi kuambiwa kwamba anaruhusiwa kufuta.

Suala la namna ya kumwanzisha mtu kuchora limekwisha kubishaniwa katika Afrika Mashariki, tena na watu wazito, na ubishi wao unatufaa. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, lakini hakutaka kuwawekea wanafunzi wake picha za Ulaya wazifuate. Aliwasimulia jambo kwa maneno, tukio la kijijini au kisa, kisha akawaachia wachore kile walichokiona ndani ya vichwa vyao. Katika mikono yake alipita Gregory Maloba, kijana wa magharibi mwa Kenya aliyekuja kutengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Alipita pia Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliyechora migomba, harusi na kazi za pamoja za watu wa kwao kwa kumbukumbu tu. Ntiro aliendelea na masomo Slade, akarudi kufundisha, na nchi ilipopata uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mchoraji wa migomba ya Machame, picha yake imetunzwa New York.

Mwaka 1958 Trowell aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd, ambaye aliuona utaratibu ule kuwa pungufu. Todd alileta nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia, na mazoezi ya kuchora kwa kumtazama mtu au kitu kilicho mbele yako. Hoja yake ilikuwa nzito: kwa nini kijana wa Kiafrika anyimwe elimu ambayo kijana wa London anapewa? Wako waliosema Trowell aliwafungia wanafunzi kijijini, na wako waliosema Todd aliwapeleka Ulaya bila nauli ya kurudi.

Mimi nasimama kwa Trowell siku ya kwanza na kwa Todd siku ya pili, na nitaeleza kwa mfano wa ng'ombe, kwa kuwa hapa tupo kwa wafugaji.

Siku ya kwanza mwanafunzi apewe karatasi na aambiwe: chora ng'ombe mmoja wa kwenu, unayemjua kwa jina. Asitazame popote. Kijana wa Tarime anaweza kumtambua ng'ombe wa baba yake katikati ya mnada uliojaa mifugo. Anayajua madoa yake, pembe iliyopinda, sikio lililochanika. Elimu hiyo ya macho ni kubwa, na chuo kinachompokea kana kwamba hajui kitu kinamkosea heshima. Achore basi hayo anayoyajua.

Siku ya pili aende zizini na karatasi yake, alinganishe. Hapo ndipo mambo yanapofunguka. Atagundua kwamba nundu ameiweka katikati ya mgongo, na kumbe kwa ng'ombe wetu wa asili inakaa juu ya mabega. Pembe amezichomoza kwenye paji la uso, na kumbe zinatoka juu kabisa, kichogoni, masikio yakiwa chini yake. Mguu wa nyuma ameukunja kama goti la mtu, na kumbe kiungo kile kinachoonekana katikati ya mguu kimepinda kuelekea nyuma. Mambo haya ameyatazama tangu utotoni. Kuyatazama kulimtosha kwa kuchunga. Kwa kuchora inabidi ayaone upya, na mtu aliyewahi kuliona kosa lake mwenyewe mbele ya ng'ombe aliye hai haambiwi tena na mwalimu kwamba achunguze.

Baada ya ng'ombe, kigoda. Kigoda cha mzee, kile cha miguu mitatu kilichochongwa kwenye gogo moja, kiwekwe juu ya meza, na mwanafunzi aambiwe asichore kigoda. Achore nafasi tupu zilizo kati ya miguu: hii ni nyembamba juu na pana chini, ile imefichwa nusu na mguu wa mbele. Akizipata nafasi zote, kigoda kitajitokeza chenyewe kikiwa kimekaa sawa. Zoezi hili linafundishwa katika vyuo vya sanaa duniani kote, na faida yake kwa seremala na mchomeleaji ni ya moja kwa moja. Geti ni nafasi tupu zilizozungukwa na chuma. Dirisha la nondo ni hivyo hivyo. Fundi wa cherehani naye anayekata kitambaa anahitaji kuona kile kinachobaki mezani, kwa sababu kinachobaki ndicho hasara yake au kola ya kesho.

Kwamba fundi aanze kwa kufundishwa kuona, Wajerumani walilitambua zamani. Shule ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar mwaka 1919, mwalimu Johannes Itten aliandaa somo la awali la miezi sita. Mtu hakuruhusiwa kuingia karakana ya mbao, ya chuma au ya ufumaji kabla ya kulipita. Huko walichora, walipapasa mbao na vitambaa ili kujua tofauti ya ukwaruzo na ulaini, walipanga giza na mwanga. Viti na taa zilizotoka katika karakana zile bado zinatengenezwa na kuuzwa leo. Wale walikuwa mafundi, na somo lao la kwanza lilikuwa la macho.

Kuhusu vifaa, nawaomba wakuu wa vyuo wasisubiri bajeti. Mkaa wa kuchorea unatengenezwa hivi: chukua vijiti vikavu vilivyonyooka, unene wa penseli, vimenywe maganda, vipange vimebanana ndani ya kopo la maziwa ya unga, ufunike na utoboe tundu moja dogo la msumari juu ya mfuniko. Liweke kopo katikati ya moto wa kuni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, toa kopo na uliache lipoe bila kulifungua, maana hewa ikiingia mapema vijiti vitageuka majivu. Asubuhi una mkaa mweusi laini, na darasa zima limejifunza kwa nini kuni iliyonyimwa hewa haiteketei.

Rangi nazo tunazikanyaga. Udongo mwekundu ukaushwe, utwangwe, uchekechwe kwa kitambaa chepesi, kisha uchanganywe na gundi nyeupe ya maseremala iliyopunguzwa kwa maji. Udongo mweupe vivyo hivyo, na masizi kwa rangi nyeusi. Nyekundu, nyeupe na nyeusi ndizo zilizotumika kuchora ngao za Kimaasai katika miamba ya Moru, ndani ya Serengeti. Zinatosha kwa muhula mzima, na mwanafunzi anayeanza na rangi tatu hujifunza kuzichanganya. Anayepewa kumi na mbili huchagua tu.

Kukosa elimu hii ya kuona kunawagharimu hata wenye mikono stadi. Tukivuka mpaka hapa na kupita Migori kuelekea Kisii, tunafika Tabaka, kijiji kinachojulikana duniani kwa sanamu za mawe laini. Jiwe linachongwa kwa panga, patasi na kisu, linasuguliwa kwa msasa likiwa limelowa maji, linakauka, linapakwa nta mpaka ling'ae. Kazi kubwa ya kusugua wanaifanya akina mama, na malipo yao hayalingani na jasho lao. Tabaka ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani, aliyechongwa kwa jiwe, yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Alilelewa katika uchongaji, kisha akasoma Makerere na baadaye Kanada. Kwake jiwe la nyumbani na elimu ya chuo vilikutana kwa mtu mmoja. Wengi wa majirani zake hawakupata bahati ya pili, kwa hiyo wanachonga kiboko yule yule na sahani ile ile ambayo mnunuzi wa jumla ameiagiza, kwa bei aliyoipanga yeye.

Ndivyo ilivyowakuta pia wengi waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu kutoka Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akawafundisha ndugu zake nyumbani, na alipofariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi aliyemdhania mhalifu, alikuwa ameacha shule kamili isiyo na jengo. Miaka minne tu! Namheshimu kuliko maprofesa wengi. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kwa kunakili chui wa mwalimu atauza chui mpaka watalii wamchoke, na siku hiyo hana pa kurudi. Aliyejifunza kuona anaweza kuchora chui leo, nembo ya kiwanda cha maziwa kesho, na mchoro wa nyumba keshokutwa.

Najua swali la mzazi: mwanangu atakula nini? Nalijibu kwa heshima, kwa sababu ada inatoka kwenye mahindi na ng'ombe aliyeuzwa. Mtoto wako atapata cheti chake cha ushonaji au useremala kama ulivyotaka. Kuchora kutamwezesha kumwonyesha mteja kwenye karatasi kitu ambacho bado hakijatengenezwa, wakubaliane bei kabla kitambaa hakijakatwa. Nawafikiria zaidi wale mabinti waliokatishwa shule, kwa ndoa au kwa mimba, ambao sasa wanapokelewa tena katika vyuo hivi. Binti anayeweza kubuni mshono wake hashindani kwa bei na nguo za mitumba zinazopita mpakani.

Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imefungua mkondo wa amali sekondari, na sanaa imo. Kwa hiyo walimu watahitajika, na waliopo wengi wao wamejilundika karibu na Bagamoyo na Dar es Salaam. Tusiwangoje. Waandikaji wa mabango wa Sirari na Tarime, ambao mashine za kuchapa zimewanyang'anya wateja, wana mikono iliyokomaa: wanaweza kupiga herufi kubwa kwa brashi juu ya ukuta wa bati bila kutetemeka. Wapewe mafunzo mafupi ya ualimu na walipwe kwa saa.

Ombi langu la mwisho ni kwa bodi ya chuo na kwa halmashauri. Kazi za wanafunzi zisifungiwe kabatini kungoja mkaguzi. Zitundikwe mnadani, siku ya mnada, kwenye kamba, mahali ambapo wafugaji wanapita. Wao ndio watahini ninaowaamini kwa michoro ya ng'ombe. Mzee akisimama akasema nundu hii haijakaa mahali pake, mwalimu aandike maoni hayo pembeni ya mchoro, na Jumatatu mwanafunzi arudi zizini kuchora upya.