Beki wa Kenya Tuliyemsahau



Muulize kijana yeyote wa huku juu Kuresoi ni nani aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Atakujibu bila kusita: Wilson Kiprugut, jirani yetu wa Kericho, shaba ya mita 800, Tokyo, mwaka 1964. Lakini kwenye msafara huohuo wa Tokyo, nchi ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, kulikuwa na timu ya mpira wa magongo. Nahodha wake alikuwa beki mzaliwa wa Nairobi, Avtar Singh Sohal, na timu yake ilishika nafasi ya 6. Waliotangulia ni India, Pakistan, Australia, Uhispania na Ujerumani. Basi.

Huyu nahodha hapa kwetu hatajwi, na mimi naona ni deni.

Sehemu ya sababu ni kwamba alikuwa beki. Mshambulizi akikosa mara tisa kisha afunge moja, uwanja unaimba jina lake. Beki akizuia mara tisa na kupitwa mara moja, analaumiwa wiki nzima. Na ubeki wa magongo wa enzi hizo ulikuwa kazi ya watu wenye moyo. Mabeki walikuwa wawili tu, kipa nyuma yao, washambulizi watano wakiwajia. Mchezo ulikuwa wa nyasi, tena nyasi zenye mashimo na vichuguu, kwa hiyo mpira mgumu wa gramu 160 hivi ungeweza kuruka kutoka chini hadi usoni wakati wowote. Ikipigwa penalti kona, beki alitoka mbio kutoka mstari wa goli kumkabili mpigaji, uso mtupu, bila ile barakoa wanayovaa wachezaji wa leo. Sohal alifanya kazi hiyo katika Olimpiki 4: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972. Hizo tatu za mwisho alikuwa nahodha. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandika kwa mechi 167 za kimataifa, kuanzia 1957 hadi 1972.

Ngoja nikae kidogo kwenye mwaka 1968, kwa sababu ndio unaonigusa zaidi.

Mwaka uliotangulia, Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wakazi wasiokuwa raia, na Wahindi wengi ndio walioumia. Mapema 1968 Uingereza nayo ikaharakisha sheria ya kuwazuia wasiingie, ingawa walikuwa na pasipoti zake. Familia nzima zilijikuta zinakimbizana na tarehe kwenye uwanja wa ndege. Oktoba mwaka huohuo, mjini Mexico, Sohal, naye Mkenya mwenye asili ya Kihindi, akaiongoza Kenya uwanjani, pamoja na akina Surjeet Singh Panesar na Hilary Fernandes. Walimaliza wa 8. Miaka mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la magongo huko Barcelona, Kenya ikawa ya 4. Ya nne duniani, ndugu zangu! Soka yetu haijawahi hata kufika kwenye fainali za Kombe la Dunia.

Sisi wa Kuresoi tunalijua vizuri lile swali la "kwenu ni wapi?" Tulilisikia kwenye mapigano ya kikabila ya 1992, tukalisikia tena kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, 2008, na kuna nyumba zilizoteketea kwa sababu ya jibu. Ndiyo maana nashindwa kunyamaza juu ya mtu aliyesimama miaka 15 akililinda goli la nchi ambayo watu wa asili yake waliambiwa si yao. Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Sohal alikuwa amestaafu kucheza miaka 45 kabla ya hapo, na alikuwa amekwisha kuifundisha timu ya taifa pia.

Mchezo wenyewe ulidhoofika. Wachezaji wengi walihama, tukasusia Olimpiki za 1976 na 1980, na dunia ikahamia kwenye nyasi bandia ambazo sisi hatukuwa nazo. Lakini magongo bado yamo kwenye michezo ya shule za upili, muhula wa kwanza. Walimu wa michezo wa Kuresoi Kusini na Kaskazini, mkimpanga kijana nyuma akanuna kwa kuwa alitaka kucheza mbele, mpeni historia ya Sohal.

Nina ombi pia kwa wazee. Kama uliwahi kuwa Nakuru mjini au Nairobi miaka ile, ukaiona timu hii ikicheza, tupigie simu baada ya taarifa ya habari. Tunataka kukusikia hewani ukitusimulia Sohal alivyokuwa anakaba.