Bustani Isiyohitaji Jua: Kupanda Uyoga Kwenye Kona ya Paa

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka polepole.)

Habari zenu mama zetu mlio jikoni, baba zetu mlioketi barazani, na ninyi vijana mnaosikiliza kwa simu moja watu watano. Kama una kalamu, ichukue. Kama huna, mwambie mtoto anayesoma shule akae karibu na redio, maana leo kuna vipimo vya kukumbuka.

Mada ya leo imetokana na swali. Dada mmoja ana ndugu yake aliyehamishiwa Marekani. Ndugu huyo alimtumia video ya simu. Ndani yake kuna mtu aliyejenga hema dogo darini, mahali ambapo paa limeinama hata hawezi kusimama wima, na humo ndani amepanda mboga zinazomulikwa na taa za umeme. Dada akatuuliza: "Nyumba yangu nayo ina kona ya namna hiyo. Hata kitanda hakiingii. Je, mimi siwezi?"

Dada, jibu langu lina sehemu mbili. Kwa mchicha, hapana. Mchicha unakula mwanga. Yule ndugu wa Marekani analipia jua lake kwa umeme, na sisi umeme huo hatuna. Lakini kuna chakula kimoja ambacho hakihitaji jua kukua. Ni uyoga, au buyoga kama wengi wetu kutoka Kongo tunavyosema. Uyoga haupati chakula chake kwenye mwanga. Unakula mabua, majani makavu na maganda ya maharage, yaani vitu tunavyovitupa. Kwa hiyo kona yako ya paa inafaa, ukiitengeneza vizuri.

Nasema "ukiitengeneza vizuri" kwa sababu mimi mwenyewe niliitengeneza vibaya. Mara ya kwanza nilikopa pesa kwa mama yangu nikanunua mbegu. Nikapanda mifuko sita, nikaining'iniza juu kabisa, chini ya bati, kwa kuwa huko hakuna anayepita. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi. Siku ya tano nilipanda kuitazama. Mifuko ilikuwa ya moto mkononi kama chupa ya chai. Nyuzi nyeupe zilizokuwa zimeanza kutambaa zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, na harufu ilikuwa ya kuoza. Mifuko yote sita ilikufa. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ungelala pale saa saba mchana?" Swali hilo ndilo somo la leo.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na mahali. Uyoga tunaouzungumzia unaitwa uyoga chaza, ule wenye kofia pana kama sikio, unaoota kwa mafungu. Unapenda joto la kadiri, kati ya nyuzi 20 na 28. Hapa Kigoma hali ya hewa inatusaidia, lakini chini ya bati au shitingi joto la mchana ni jambo jingine. Kabla ya kujenga chochote, fanya jaribio la mama yangu. Ingia kwenye kona yako saa saba mchana, ukae pale kwa muda. Ukitoka jasho na kutamani kukimbia, uyoga nao utakufa. Shuka chini zaidi, au hamia ukuta usiopigwa na jua la alasiri.

Hema lenyewe ni dogo. Upana mita 1, kina sentimita 80. Tafuta fito nne za kusimamisha. Mbili za mbele ziwe ndefu na mbili za nyuma ziwe fupi, ili hema lifuate mteremko wa paa. Lakini lisiguse paa. Acha nafasi ya mkono mmoja, tangu kiwiko hadi ncha za vidole, kati ya hema na paa. Ukipata nyasi kavu, zitandaze juu ya hema katika nafasi hiyo. Nyasi zitazuia joto lisishuke.

Funika hema kwa kipande cha shitingi kuukuu kilichooshwa. Juu kiwe kimeinama, kisiwe bapa, ili matone ya maji yateremke pembeni yasidondokee uyoga. Mbele weka pazia la kitenge chakavu, chepesi, ulichokifua.

Hapa nasimama kidogo. Mama, baba, usichukue chandarua cha kitanda ukakifanya pazia la uyoga. Uyoga hauugui malaria. Mtoto anaugua.

Na ukuta. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya udongo. Ukuta wa udongo unaonyweshwa maji kila siku utalainika, na mvua za masika zitaumalizia. Kwa hiyo shitingi ipite pia nyuma ya hema, kati ya hema na ukuta. Chini weka matofali, na madumu ya uyoga yakae juu ya matofali. Kuzunguka matofali mwaga majivu, maana mchwa nao wanapenda mabua.

Sasa hewa. Uyoga unapumua kama sisi. Acha uwazi mdogo chini upande wa mbele, na tundu la ukubwa wa kiganja juu ukutani, linalotokea nje ya nyumba, ulizibe kwa kitambaa chepesi. Narudia: linalotokea nje. Uyoga uliokomaa unatoa vumbi laini sana, huwezi hata kuliona. Vumbi hilo likivutwa usiku baada ya usiku linaleta kikohozi, na mwenye pumu linaweza kumdhuru. Kama nyumba yako ni chumba kimoja mnacholala wote, usipande ndani. Tafuta jirani mwenye stoo, au jenga kibanda kidogo cha nyasi kivulini. Kona ya uyoga isiwe kona ya kulala.

Na moto. Shitingi inashika moto haraka. Usiingie na kibatari wala mshumaa ndani ya hema, na jiko liwe mbali. Mwanga unaohitajika ni wa mchana tu, ule unaoweza kukuruhusu kusoma barua bila kukaza macho.

(Muziki mfupi.)

Sasa tupande. Chukua madumu sita ya mafuta ya kula, yale ya lita 5. Yakate juu, yaoshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe. Toboa matundu ya upana wa kidole kidogo pembeni, kila baada ya shubiri, na matundu mengine machache chini ya kutolea maji.

Chakula cha uyoga kiwe kilo 4 za mabua ya mahindi, majani makavu ya mgomba au maganda ya maharage. Yawe makavu na yasiwe na ukungu. Katakata vipande vifupi kama kidole gumba.

Vipande hivyo vina vijidudu vinavyoweza kumshinda uyoga, kwa hiyo ni lazima kuviua. Wengi huchemsha. Lakini kuchemsha pipa kunakula kuni, na kila mama anayenisikiliza anajua kuni zinapatikana wapi na ni hatari gani iko njiani. Kwa hiyo mimi natumia chokaa. Chukua maji lita 40, changanya gramu 120 za chokaa, yaani gramu 3 kwa kila lita. Iwe chokaa iliyozimwa, ile nyeupe laini ya ujenzi isiyochanganywa na kitu. Chokaa ya kurutubisha mashamba haina nguvu ya kazi hii. Tumbukiza vipande, viwekee jiwe juu vizame, uviache tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne au saa sita ya kesho yake.

Angalia: chokaa inaunguza. Vaa glavu au mifuko mikononi, linda macho, na watoto wasikaribie. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kukoma, kisha nenda zahanati. Maji yaliyobaki usiyamwage kisimani, mtoni wala bustanini kwa jirani.

Baada ya hapo weka vipande kwenye mteremko safi vichuje maji kwa saa kadhaa. Kisha kamua konzi moja. Yakidondoka matone mawili matatu, ni tayari. Yakichuruzika, subiri.

Osha mikono kwa sabuni. Mbegu ya uyoga ni nafaka iliyofunikwa na nyuzi nyeupe. Kwa kazi hii unahitaji kama gramu 600. Muulize afisa kilimo wa shirika linalohudumu katika zoni yako jinsi ya kuipata, na usinunue mbegu yenye madoa ya kijani. Jaza dumu kwa tabaka: vipande, mbegu, vipande, mbegu, mpaka karibu na juu. Funga mdomo kwa nailoni. Ingiza hemani, shusha pazia, uache gizani wiki mbili hadi nne. Usichungulie kila siku. Nyuzi zitatambaa mpaka ndani pote pawe peupe.

Pakishakuwa peupe, fungua pazia kidogo upate mwanga na hewa, na uanze kunyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni. Nyunyiza kuta za hema na sakafu, si uyoga wenyewe. Kwa siku utatumia kama lita 2. Najua maji ni foleni. Viwango vya kazi za misaada vinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na wengine wetu tunajua siku ambazo hazifiki. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuanza. Kama lita hizo mbili zitatoka kwenye maji ya kunywa ya mtoto, usianze. Na usitumie maji ya kufulia, sabuni itauua uyoga.

Baada ya wiki moja hivi vichwa vidogo vitatokea kwenye matundu. Siku tatu hadi tano baadaye uyoga uko tayari. Vuna fungu zima kwa kulizungusha, wakati ukingo wa kofia bado umekunjika kuelekea chini. Ukisubiri ukingo unyanyuke, umeuachia ule vumbi niliousema.

Jifunze pia kusoma dalili. Shina refu na kofia ndogo: hewa haitoshi. Kofia imepasuka pasuka: maji hayatoshi. Kofia imelegea, ya njano, inateleza: maji yamezidi. Ukungu wa kijani: toa dumu hilo nje mara moja, ulizike mbali. Na ukiona umeota uyoga usioufahamu, usiule. Hata kama bibi anasema unafanana na ule wa nyumbani. Uyoga wa sumu unafanana na mwingine, na ini likishaharibika hakuna sufuria itakayolirudisha.

(Muziki mfupi.)

Sasa nikwambie ukweli kuhusu mavuno, kwa sababu watu wametudanganya mara nyingi kuhusu miradi. Kilo 4 za mabua zitakupa kati ya kilo 2 na 4 za uyoga mbichi, kwa awamu mbili au tatu, katika muda wa miezi miwili hivi. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Hautachukua nafasi ya maharage wala unga. Mgao ukipunguzwa, kona ya uyoga haitaujaza. Yeyote anayekuambia itaujaza, anataka pesa yako.

Basi kwa nini ujisumbue? Kwa sababu sufuria ya ugali na chumvi ikipata konzi ya uyoga, watoto wanakula wakamaliza. Kwa sababu ukibaki na nusu kilo, unaweza kubadilishana na jirani mwenye mchicha. Kabla ya kupeleka sokoni, muulize kiongozi wa kijiji chako utaratibu ulivyo. Na mabua yaliyokwisha kutumika ni mbolea nzuri kwa bustani ya nje.

Mara ya pili nilishusha madumu yangu chini, kwenye ukuta wa upande wa asubuhi, nikaweka nyasi juu. Madumu manne kati ya sita yaliota. Fungu la kwanza nilimpelekea mama. Alilipa deni kwa njia yake: alipika, akagawa kwa nyumba tatu, kisha akaniambia, "Bado unadaiwa madumu mawili."

Kwa hiyo dada uliyeuliza, kona yako inatosha. Anza na madumu mawili, usikope. Kaa pale kwanza saa saba mchana.

Haya ndiyo maswali ya kujadili katika kikundi chenu cha wasikilizaji:

Moja: katika kijiji chenu, ni nyumba gani zina kona ya kivuli ambayo hakuna anayelala karibu nayo?

Mbili: familia tatu au nne zinaweza kuchangia vipi mbegu na chokaa, na nani atatunza zamu ya maji?

Tatu: ni nani kati yenu aliwahi kujaribu akashindwa, na alijifunza nini?

Tuleteeni majibu yenu studioni, au mpeni mwandishi wetu anapopita katika zoni yenu. Hasa lile swali la tatu. Mpaka kipindi kijacho, mimi ni mtangazaji wenu. Usiku mwema, na Mungu awalinde.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)