Shule Ndogo ya Kutwa na Watoto wa Rusizi



Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, Kamembe na Bugarama husikika maneno yale yale. Husemwa kwamba shule ndogo ya kutwa, ile iliyo karibu na nyumba, haina faida. Kwamba watoto wake hawapati alama. Na kwamba mzazi mwenye busara amtoe mwanawe ampeleke penginepo, au, kama hana uwezo huo, amtie katika biashara ya mpakani ajifunze kuuza na kununua. Maneno haya husemwa upesi mno. Yafaa yachunguzwe, kwani mtoto anayetolewa shuleni kwa ajili yake ni nadra kurudi.

Wazee wanakumbuka ilivyokuwa zamani. Uislamu uliingia Rwanda zama za Wajerumani, pamoja na wafanya biashara na askari waliotoka pwani na bara ya Tanganyika, na mwaka 1913 ukajengwa msikiti Nyamirambo. Walipotawala Wabelgiji, Waislamu wa mijini waliwekwa katika mitaa yao peke yao, iliyoitwa mitaa ya Waswahili, na shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Upande huu wa Cyangugu, Mapadri Weupe walikwisha fika Mibirizi tangu mwaka 1903, na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden wakaanza kazi yao Gihundwe mwaka 1940. Walisomesha watu wengi, wala hilo halikatai mwenye insafu. Lakini mzazi wa Kiislamu aliona kwamba mlango wa darasa na mlango wa ubatizo umekaribiana mno. Akambakiza mwanawe nyumbani, akamfundisha cherehani, au usukani, au mizani ya dukani. Kazi hizo ni za halali na zilijenga nyumba nyingi. Walakini mtu wa cherehani hakuulizwa rai yake palipoandikwa sheria, na barua iliyofika nyumbani kwake alitafuta wa kumsomea.

Baada ya uhuru, Jumuiya ya Waislamu ikaundwa mwaka 1964, nayo ikajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake. Nafasi za sekondari, hata hivyo, zilikuwa chache kabisa nchini, na katika miaka ya 1970 na 1980 ziligawanywa kwa mizani ya kabila na ya mkoa, hata mtoto akaweza kufaulu na asiitwe. Yaliyofuata mwaka 1994 hayahitaji kuelezwa mbele ya watu walioyaona.

Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2003. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na mwaka 2012 ukaongezwa hata miaka kumi na miwili, ili mtoto aweze kumaliza sekondari bila kuihama tarafa yake. Madarasa hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Watu walichimba misingi, wakabeba mawe na mchanga vichwani siku za umuganda, Mwislamu na Mkristo bega kwa bega. Shule ndogo inayodharauliwa leo ndiyo hiyo iliyojengwa kwa mikono hiyo.

Sasa yatazamwe hayo matokeo. Mtoto anapomaliza mtihani wa darasa la sita, wenye alama za juu hupangiwa shule za bweni, na wengi wa waliobaki hupangiwa shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Basi mwalimu wa shule ndogo huanza kazi na wale ambao mchujo wa kwanza umewapita. Huwafundisha miaka mitatu. Wakifika mtihani wa kidato cha tatu, mchujo wa pili huja, na wale waliong'aa, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewang'arisha, huchukuliwa tena kwenda bweni. Wanaokaa kwake kidato cha nne hata cha sita ni wale walioachwa mara mbili. Halafu matokeo ya kidato cha sita hubandikwa kando ya matokeo ya shule kubwa, na watu husema, tazameni tofauti. Hesabu ya namna hiyo si ya haki. Aliye hodari katika kidato cha sita cha bweni huenda alijifunza aljebra katika darasa la kutwa la Bugarama, lakini sifa yake imeandikwa kwingine. Anayetaka kuijua shule ndogo aulize jambo moja tu, yaani mtoto aliyeingia na alama fulani ametoka na alama gani.

Hata hivyo, haifai kujificha nyuma ya hoja hiyo. Wapo watoto wanaoingia na akili njema na kutoka mikono mitupu, na sababu zake nyingi haziko darasani.

Sababu kubwa ni saa. Tangu Januari 2023 masomo huanza saa 2.30 asubuhi na kumalizika saa 11 jioni. Katika nchi hii jua huchwa karibu na saa 12 mwaka mzima, kaskazi na kusi sawasawa. Basi mwanafunzi wa kutwa akitoka shuleni ana saa moja tu ya mwanga, na saa hiyo ni ya njia, ya kuchota maji na ya kutafuta kuni. Mpunga ukikomaa katika bonde la Bugarama kuna na ndege wa kufukuzwa. Ikiadhiniwa Magharibi, mtoto wa Kiislamu huelekea chuoni, na hukaa huko mpaka Isha. Akirudi nyumbani ni saa 2 za usiku, chakula bado kiko jikoni, na kama ni msichana hicho chakula chamngoja yeye. Daftari hufunguliwa saa 3, macho yakiwa mazito, mara nyingi kwa mwanga wa simu ya baba. Mwenziwe wa bweni wakati huo amekwisha kaa darasani kwa masomo ya jioni chini ya taa ya umeme, na yuko msimamizi mlangoni. Tofauti ya alama inayosemwa kila mwaka, sehemu yake kubwa ni tofauti hii ya saa mbili za usiku.

Jambo la pili ni lugha, na hapa watoto wa Rusizi wana mzigo wa peke yao. Mtoto wa Bugarama huamka kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Wa kisiwa cha Nkombo huzungumza Kihavu kwao. Na wote wawili hufanya mtihani wa hesabu na sayansi kwa Kiingereza. Lugha hiyo ilishika mahali pa Kifaransa kwa uamuzi wa Oktoba 2008, na kazi ikaanza mwaka uliofuata. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishwa katika Kinyarwanda, na Desemba 2019 ikatangazwa kwamba nayo yatakuwa kwa Kiingereza. Mzazi aliyesoma kidogo alisoma Kifaransa, na asiyesoma hajui hiki wala kile. Mtoto akikwama usiku katika swali la fizikia, hakuna wa kumwuliza nyumbani. Si kwa sababu wazazi ni wajinga, bali swali limekuja na lugha isiyokuwa na mwenyeji ndani ya nyumba ile.

Inafaa hapa kutaja jambo ambalo walimu wa chuo watalielewa kuliko wengine. Mtoto aliyehifadhi juzuu kadha za Kurani ana nguvu ya kumbukumbu ambayo wengi hawana. Nguvu hiyo huipeleka darasani, akahifadhi ukurasa mzima wa baiolojia ya Kiingereza, neno kwa neno, bila kosa. Kisha mtihani humwuliza kwa nini jani la mche uliofichwa gizani hugeuka manjano, naye huandika ukurasa ule wote, na jibu halimo. Mtaala ulioanza mwaka 2016 hautaki maneno yaliyohifadhiwa tu, wataka mwanafunzi aonyeshe anavyoweza kutumia alichojifunza. Kuhifadhi si kosa. Kosa ni kuachiwa hapo. Mwalimu wa chuo amezoea kumwambia mwanafunzi asome, kisha afasiri. Na aizoeshe kazi hiyo ya pili, kwani ndiyo inayomponyoka mtoto katika karatasi ya mtihani.

Na juu ya Kiswahili chenyewe kuna ajabu. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Februari 2017 Bunge likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Lugha ambayo zamani ilikuwa alama ya kumtenga Mwislamu sasa imo katika masomo ya sekondari. Ingetazamiwa watoto wa Kamembe na Bugarama wawe mbele ya wote, nao wengi wao huidharau kwa sababu wanadhani wameshaijua. Husema "batoto" na "kitabu yangu," kama inavyosemwa sokoni na ng'ambo ya daraja huko Bukavu, na mazungumzo hayo yana utamu wake na kazi yake; lakini mwalimu husahihisha "watoto" na "kitabu changu," na alama huondoka. Anayetoka mkoa wa mbali, aliyejifunza ngeli kitabuni kwa taabu, humpita mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili. Jambo hili liko katika uwezo wa nyumba yenyewe kulirekebisha, wala halihitaji hata faranga moja.

Kwa upande wa faranga, mwaka 2022 serikali iliweka mchango wa mzazi kuwa faranga 19,500 kwa muhula kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na 85,000 kwa wa bweni, ili kukomesha michango iliyokuwa ikizuka kila shule kwa jina lake. Mihula mitatu ya kutwa ni faranga 58,500. Kwa mwenye watoto wanne hicho si kitu kidogo, lakini ni fedha inayojulikana tangu mwanzo wa mwaka, na mpunga huuzwa kwa msimu unaojulikana pia. Mwenye kuweka kidogo kidogo hatashtushwa nayo.

Yafaa pia wasisahauliwe watoto waliokuwa madarasani mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa maradhi ya korona, zikaanza kufunguliwa Novemba. Mji wa Rusizi ulizidi kubanwa kuliko miji mingine, kwani mwezi wa Juni watu walizuiliwa majumbani mwao kwa sababu ya ugonjwa uliopatikana mpakani. Masomo yalipita katika redio, na nyumba yenye redio moja na watoto wa madarasa matatu ilimsikiliza nani? Oktoba 2021, matokeo ya darasa la sita na kidato cha tatu yalipotangazwa, watahiniwa zaidi ya 60,000 nchini waliambiwa hawakufikia kiwango, wakatakiwa kurudia. Wengi walirudi. Wengine waliona haya kukaa na wadogo zao, wakashika njia ya mpakani na mzigo kichwani. Hao si wavivu. Walikosa mtu mzima wa kuwashika mkono siku ile, akawaambia kwamba mwaka mmoja si kitu.

Basi nini kiwezekanacho? Kujenga bweni ni kazi ya fedha nyingi. Lakini saa zaweza kupangwa upya bila fedha. Zamani shule ilipokuwa ikianza saa 1 asubuhi, chuo hakikuwa na nafasi nyingine ila jioni. Tangu 2023 mambo yamebadilika, na ratiba ya vyuo vingi haijabadilika. Baada ya sala ya Alfajiri mpaka saa 2.30 kuna muda mzuri wa baridi, kichwa kikiwa chepesi, na kila aliyehifadhi anajua kwamba asubuhi ndiyo saa ya kuhifadhi. Chuo kikihamishiwa asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari, muda wa kati ya Magharibi na Isha utabaki kwa ajili ya daftari. Wasichana ndio watakaofaidika zaidi, kwani mama anayemzuia bintiye asitembee usiku hamzuii kutembea jua likichomoza. Wako watakaosema kwamba chuo cha jioni ni desturi ya wazee. Ni kweli, na wazee hao waliipanga desturi hiyo kwa kufuata saa za shule ya wakati wao.

Hicho chumba cha chuo, kinapokuwa tupu jioni, kina taa na mikeka. Kifunguliwe kila usiku isipokuwa Alhamisi, kuanzia Magharibi mpaka saa moja baada ya Isha, kwa kila mtoto wa jirani mwenye kitabu, hata asiye Mwislamu, kwa kuwa wanasoma darasa moja na watafanya mtihani mmoja. Kijana wa kidato cha sita au aliyemaliza akae nao, wavulana upande huu na wasichana upande huu, na mzazi mmoja kwa zamu awasindikize wasichana majumbani. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa chuo. Majina ya waliohudhuria yaandikwe katika daftari kila usiku, na muhula ukimalizika daftari hilo lipelekwe kwa mkuu wa shule, liwekwe kando ya orodha ya alama, ionekane ni nani aliyepanda na kwa usiku wangapi.