Jina Likitangazwa Mara Mbili: Kwa Nini Kompaila Husimamisha Kazi



Sokwe wanaotunzwa hapa Lwiro, Kabare, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya wanyama waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi, wana jina la kisayansi ambalo historia yake inamhusu kila anayeandika programu za kompyuta. Mwaka 1812 mwanazuolojia wa Ufaransa, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, aliipa jenasi yao jina la Troglodytes. Lakini Mfaransa mwenzake, Louis Vieillot, alikwisha kulitumia jina hilo mwaka 1809 kwa jenasi ya ndege wadogo. Jenasi mbili za wanyama haziwezi kushika jina moja, na sheria ya majina ya wanyama huamua kwa kutazama nani alitangulia. Ndege wakabaki nalo, na sokwe leo wako katika jenasi ya Pan. Neno lenyewe halikupotea: sokwe anaitwa Pan troglodytes, kwa kuwa majina ya spishi yana ngazi yake, na huko halikugongana na la mtu.

Hata gorila alipitia mlango huo. Thomas Savage alipomtangaza mwaka 1847 alimweka katika Troglodytes. Mwaka 1852 Isidore Geoffroy Saint-Hilaire, mwana wa Étienne, akampa jenasi yake, Gorilla.

Kompaila, yaani programu inayosoma msimbo ulioandikwa na mtu na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine, hukutana na mgongano wa namna hii kila siku. Hukumu yake ni tofauti. Haimpi haki aliyetangulia, wala aliyekuja nyuma. Inasimamisha kazi, na mhadhara huu unatetea uamuzi huo.

Wachukuliwe wataalamu wawili wanaoandika, kwa lugha ya C, programu ya vipimo vya Ziwa Kivu, ambalo kina chake hufika mita 485 hivi. Kila mmoja ametangaza funksheni ya kusoma kina katika kituo cha kupimia:

int kina(int kituo);
double kina(int kituo);

Kwenye mstari wa kwanza kompaila inaandika katika jedwali lake la majina kwamba kina hupokea namba kamili moja na kurudisha namba kamili. Kwenye mstari wa pili inatafuta kama jina hilo limekwisha kutangazwa. Inalikuta, kisha inalinganisha aina. Mistari hii ingefanana, pasingekuwa na neno: C huruhusu tangazo kurudiwa mara yoyote mradi matangazo yapatane. Kisichoruhusiwa kurudiwa ni mwili wa funksheni, yale maagizo yenyewe. Hapa mmoja anaahidi namba kamili, mwingine namba ya desimali. Kompaila inatoa taarifa mbili: aina zinapingana katika mstari wa pili, na tangazo la awali liko mstari fulani. Kisha inaendelea kusoma hadi mwisho ili makosa mengine yaonekane kwa mkupuo mmoja, lakini faili la mashine halitoki.

C++ imelegeza kidogo. Inakubali funksheni mbili za jina moja zikitofautiana katika vinavyopokelewa, kama kina(kituo) na kina(kituo, mwezi), kwa sababu mwitaji mwenyewe anaonyesha anataka ipi. Zikitofautiana katika kinachorudishwa tu, inakataa: anayeandika kina(4) hajasema lolote la kuzitenganisha.

Python hufuata njia ya tatu. Funksheni ikiandikwa mara mbili katika faili moja, ya mwisho inaifuta ya kwanza kimyakimya. Kwa anayejaribu hesabu peke yake ni nafuu; kwa faili refu lililopitia mikono mingi ni mtego.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika C yenyewe. Wataalamu wale wakiandika katika mafaili mawili yasiyojuana, mmoja akiweka mwili wa funksheni na mwingine akiiita tu, kompaila hulisoma kila faili peke yake na haioni mgongano. Programu ya kuunganisha mafaili inaangalia jina tu, nayo inayafunga pamoja bila kulalamika. Katika kompyuta nyingi za leo za biti 64, namba kamili hurudishwa kupitia rejista moja ya prosesa na namba ya desimali kupitia nyingine. Mwitaji anachungulia rejista isiyo yake na kuokota takataka, na kina cha ziwa kinaandikwa kwa namba isiyohusiana na maji yoyote.

Dawa inajulikana: tangazo liwekwe katika faili moja la pamoja, na mafaili yote mawili yalisome, pamoja na lile lenye mwili wa funksheni. Hapo kompaila inayaona yote.

Lugha yenyewe imekuwa ikielekea huko. C aliyoibuni Dennis Ritchie katika Bell Labs miaka ya 1970 iliruhusu kuita funksheni isiyotangazwa, ikikisia kwamba inarudisha namba kamili. Kanuni ya mwaka 1999 iliondoa ruhusa hiyo, lakini kompaila ya GCC iliendelea kuonya tu mpaka toleo la 14 la mwaka 2024, lililoufanya mwito huo kuwa kosa.

Katika kituo cha utafiti cha hapa Lwiro, kilichozaliwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC na leo kuitwa CRSN, anayeandika tangazo la pili huenda asikutane kamwe na aliyeandika la kwanza. Ndiyo maana maonyo yanapaswa kuwashwa na kuhesabiwa makosa tangu siku ya kwanza ya kazi. Na kompaila inapogoma, mwandishi asikimbilie kufuta mstari mmoja ili taarifa itoweke. Aufungue mwili wa funksheni, aangalie kifaa kilipima nini, ndipo aamue: kina cha mita 402.7 kikilazimishwa kuwa namba kamili kinabaki 402, na sentimeta 70 za maji zimetoweka kwenye kumbukumbu.