Mhudumu Msaidizi katika Wodi ya Magonjwa ya Mkojo
Hotuba kwa wakazi wa Thika na Ruiru



Katika wodi ya wagonjwa wa figo, kibofu na tezi dume kuna mtu anayepita kitanda hadi kitanda akiwa na glovu na jagi la kupimia. Si daktari wala muuguzi. Ni mhudumu msaidizi. Wengi humwona kama mtu wa kumwaga mkojo tu, lakini haumwagi kabla ya kuupima na kuutazama.

Kipimo hicho kina uzito. Mtu mzima wa kilo 60 hutarajiwa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kwa saa. Ukipungua hapo kwa saa kadhaa, huenda mwili umekosa maji, mpira umeziba au figo zimeanza kulemewa. Kwa aliyepasuliwa tezi dume, mkojo ukigeuka mwekundu mzito au ukiwa na mabonge ya damu, mhudumu humwita muuguzi papo hapo. Hawekei mgonjwa mpira wala habadilishi dawa. Kazi yake ni kuona mapema, kuandika sawasawa na kusema bila kungoja.

Kazi hii pia ni ya kulinda heshima. Mzee aliyezoea kujitegemea hujikuta akioshwa na kijana wa rika la mjukuu wake. Mhudumu mwema huvuta pazia, humwita guka au shosho, huomba ruhusa, na hufunua sehemu anayoiosha tu.

Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani na mpira wa mkojo, yaani katheta, kazi hiyo huwa ya familia. Safari ya matatu kutoka Thika hadi Ruiru yahitaji matayarisho: mwageni mkojo kabla ya kuondoka, na mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu. Ukiinuliwa, mkojo hurudi ndani na waweza kubeba vijidudu.

Nyumbani, zingatieni haya:

- Naweni mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.
- Mwageni mkojo kabla mfuko haujajaa.
- Mfuko usiguse sakafu, na mpira usijikunje.
- Osheni sehemu ambapo mpira huingilia kila siku kwa maji na sabuni.
- Msiuvute mpira. Ndani ya kibofu kuna puto dogo linaloushikilia, na kuuvuta kwaweza kumjeruhi mgonjwa.

Mrudisheni hospitalini bila kuchelewa akipata homa au kutetemeka, tumbo la chini likimuuma na kuvimba, mkojo ukiacha kutoka, au ukitoka na mabonge ya damu.

Kwa wanaume, neno moja zaidi. Saratani ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote, na mwanzoni yaweza kukosa dalili. Aliyetimiza miaka 50, au ambaye baba au ndugu yake aliugua, amuulize daktari kuhusu uchunguzi mapema zaidi. Anayekojoa kwa shida au kuona damu asiseme ni uzee. Wanaofanya kazi katika wodi hii wameshazoea mambo hayo, na hakuna atakayemcheka.