Mtoto Aliyepona Saratani na Haki Yake ya Kusoma



Ndugu waheshimiwa, baada ya kumhimidi Allah na kumtakia rehema na amani Mtume wake, mada yetu ya leo inamhusu mtoto aliyeugua saratani, akatibiwa, akapona, kisha akarejea darasani. Tukisikia kwamba amepona, wengi wetu hudhani mtihani umekwisha. Wanasaikolojia wa ubongo, ambao kazi yao ni kupima namna mtu anavyofikiri na kukumbuka, wanatufahamisha kwamba kwa baadhi ya watoto mtihani mwingine ndio kwanza unaanza.

Natuanze na asili ya jambo lenyewe. Katika mji wa Memphis, Marekani, iko hospitali ya watoto iitwayo St. Jude, iliyofunguliwa mwaka 1962. Zama hizo, mtoto akipatikana na saratani ya damu, matumaini ya kupona yalikuwa haba mno. Dk. Donald Pinkel na wenzake walizingatia kwamba chembe za saratani hujificha katika ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi zipitazo katika damu hazifiki. Kwa hiyo, katika utafiti ulioanza mwaka 1967, waliongeza mionzi ya kichwani pamoja na dawa ya kudungwa katika maji ya uti wa mgongo. Takriban nusu ya watoto wale walipona. Hapana shaka ilikuwa neema kubwa.

Lakini miaka ilipopita, baadhi ya watoto waliotibiwa kwa njia hiyo walionekana kubaki nyuma katika masomo. Mionzi iliyoua saratani ilizidhuru pia nyuzi za ubongo zinazopitisha habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Na kadiri mtoto alivyotibiwa akiwa mdogo, ndivyo madhara yalivyoelekea kuwa makubwa.

Hapo ndipo ilipo kazi ya wataalamu hawa. Humtajia mtoto tarakimu azirudie, kisha azirudie kinyumenyume. Humpa alama azilinganishe na namba huku muda ukihesabiwa. Kwa vipimo vya namna hii hutambua umakini wake, kasi yake ya kufikiri, na uwezo wake wa kushika jambo akilini huku akilifanyia kazi. Vipimo hurudiwa baada ya muda, kwani madhara huweza kuchelewa kujitokeza kwa miaka.

Jambo moja lataka mazingatio. Kwa watoto waliopigwa mionzi kwa ajili ya uvimbe wa ubongo, imeonekana kwamba mara nyingi mtoto hasahau alichokwisha kukijua, bali hujifunza mapya polepole kuliko wenzake. Kwa hiyo akiwa na miaka 8 tofauti yaweza kuwa ndogo, na akifika 12 ikawa bayana. Mwenye kumtazama kwa haraka atasema amekuwa mvivu. Kumbe uvivu haumo.

Elimu hii imechangia kubadili tiba yenyewe. Katika utafiti wa St. Jude uliosajili watoto kati ya mwaka 2000 na 2007, mionzi ya kichwani iliondolewa kabisa katika tiba ya awali ya saratani ya damu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2009, zaidi ya asilimia 90 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka mitano. Hata hivyo, dawa peke yake nazo huweza kudhoofisha umakini, na uvimbe wa ubongo mara nyingi bado huhitaji mionzi. Ndiyo maana miongozo iliyochapishwa na wataalamu mwaka 2015 inataka watoto walio katika hatari hiyo wafuatiliwe wakati wa tiba na baada yake.

Ama sisi huku, wako watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili na kwingineko, kisha wakarejea katika shule na madrasa zetu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wenye lengo la kuwa, ifikapo 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Watakaorejea wataongezeka, ilhali wataalamu wa kuwapima ni wachache mno.

Basi inatupasa tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mzazi ahifadhi karatasi za hospitali, amweleze mwalimu aina ya tiba aliyopata mtoto, na amrudishe kwa daktari aonapo mabadiliko. Masikio nayo yapimwe, kwani dawa ya sisplatini huweza kuyadhuru. Mwalimu amketishe mbele, ampe maagizo mafupi, moja baada ya jingine, amwongezee muda wa mtihani, na ampunguzie sehemu ya kuhifadhi kwa siku. Pale ambapo wenzake wanahifadhi aya tano, yeye ahifadhi mbili na kuzirudia sana. Bakora haitaiharakisha akili iliyodhurika kwa tiba. Itamfanya aichukie elimu tu.

Mtoto ni amana. Jamii iliyomchangia nauli na dawa ili aishi haina budi kumsubiria pia ili asome.